Niliwasha Pikipiki Koridoni, Mama Mkwe Amelala

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu nimelizunguka vya kutosha. Nimeisingizia mvua, nimeisingizia pikipiki, kuna siku nilimsingizia hata fundi aliyejenga nyumba na madirisha madogo. Nimechoka. Naandika bila jina kwa sababu wanafunzi wangu nao wanasoma.

Ndiyo, mimi ni mwalimu. Tena wa kemia. Kaboni monoksidi nimeifundisha miaka kumi na minane: haina rangi, haina harufu, inaua. Huiandika ubaoni kwa chaki nyekundu ili wasisahau. Aliyesahau ni mimi.

Pikipiki nilijifunzia Makete, kwenye baridi inayogandisha maji ndooni. Kule asubuhi unapandisha choki, injini inabaniwa hewa na kulishwa petroli nyingi ili iwake, kisha unaiacha ingurume hadi umalize chai. Nilipohamia Mtwara nilikuja na desturi hiyo, kama nilivyokuja na makoti yangu mawili ambayo sijayavaa hadi leo. Jirani yangu hapa Chuno, dereva wa bodaboda wa rika langu, alikuwa hachoki kunicheka.

"Mwalimu, Mtwara hii baridi umeionea wapi? Ikishika tu, shusha choki. Hiyo injini au sufuria ya makande?"

Nilimjibu kwamba injini ina sayansi yake. Akanyamaza kwa heshima. Heshima, utaona, ilikaribia kutuulia mtu.

Mama mkwe alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho. Ni mkulima wa korosho huko karibu na Ruvuma, mwanamke ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji na jembe moja. Alilala chumba cha wageni. Mlango wa chumba hicho unafungukia koridoni, na koridoni ndiko pikipiki yangu hulazwa kwa kuogopa wezi.

Siku zote huisukuma hadi uani kabla ya kuiwasha. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inamwagika, mke wangu ameshakwenda kazini, nami sikutaka kulowa. Sababu ni hiyo tu. Natamani ingekuwa kubwa zaidi.

Nikapandisha choki, nikapiga kiki, ikawaka. Nikatoka kwenda bafuni uani, nikaufunga mlango wa nyuma mvua isiingie ndani. Nilioga bila haraka. Niliimba hata.

Niliporudi, korido ilikuwa imejaa moshi, injini inakohoa, choki bado iko juu. Bomba la moshi lilielekea mlango wa Mama, hatua moja tu. Nikazima. Kichwa kikaanza kunigonga. Ukimya uliofuata simwombei hata adui yangu.

"Shikamoo, Mama."

Mama huitikia marahaba kabla hujamaliza shikamoo. Kimya.

"Hodi, Mama."

Kimya.

"Hodi. Mama, hodi."

Hodi tatu bila jibu, tumefundishwa, mgeni huondoka. Na nilikolelewa mimi, mwanamume haingii chumba alicholala mama mkwe wake. Basi mimi, mwenye digrii, nikaondoka. Nilikimbia kwenye mvua, taulo kiunoni, kumtafuta mwanamke aingie kwa niaba yangu. Mama Zuhura, jirani wa pili, alikuwa anachoma maandazi.

"Mama haitikii. Njoo uingie umwamshe."

"Kafunga kwa ndani?"

"Hapana."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye taulo. "Mlango hauna komeo, mtu haitikii, na wewe umekuja kwangu kufuata nini, Mwalimu?"

Hakungoja jibu. Nilipofika alikuwa ameshamshika Mama makwapani, anamburuta peke yake. Nikashika miguu. Ilikuwa mizito, legelege, na vidole vyake havikunikataa. Tukamlaza barazani. Nilianza kuzisikiliza pumzi zake. Kati ya moja na nyingine niliwahi kumzika, kumlilia, na kuwaza jinsi ya kumwambia mwanawe.

Kisha akatapika, akafumbua macho. Hospitali walimwekea oksijeni hadi jioni. Akapona.

Mke wangu alipofika wodini, akitweta, swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani alimtoa?"

"Mimi," nikasema.

Mama Zuhura alikuwa pale pale. Akaangalia ukuta.

Siku ya tatu tulibaki wawili barazani, Mama akichambua kisamvu. Akasema bila kuinua uso:

"Mkwe, nilikusikia."

"Ulisikia nini, Mama?"

"Hodi zako. Zote. Mdomo ulikataa, miguu ilikataa. Nikasema moyoni, huyu ataingia. Halafu nikasikia kandambili zako zinakwenda."

Aliendelea kuchambua. Heshima ilikuwa kisingizio, na yeye alijua. Niliogopa nitakachokikuta nyuma ya ule mlango, nikataka mwingine akikute kabla yangu.

Hakumwambia binti yake. Siku hizi akija huomba alale sebuleni, mlango wazi. Mke wangu hudhani ni joto. Akisoma hapa ataitambua nyumba yake, na mume wake pia. Na asome.

Nawe unayelaza pikipiki ndani, isukume nje kwanza, hata kama utalowa. Injini ikishika, shusha choki, wala usiiache ikinguruma peke yake. Na kama ndani kuna mtu wako, umebisha hodi mara tatu hakuitika, hapo wewe si mgeni.

Ingia.