Chifu Anavyokoroma

Kila Ijumaa mchekeshaji huja wodi ya watoto mjini Apia, pandikizi la mtu katika gauni la nesi lisilofunga mgongoni, ua jekundu sikioni. Hunawa mpaka viwikoni, hugonga mlango kwa kidole kimoja, kisha husubiri. Mtoto asipoitikia kwa kichwa, huenda zake.

Losa aliitikia. Tangu apasuliwe hakuwa ametamka neno, na mama yake, Sefina, alishachoka kumbembeleza. Kando ya kitanda alikaa babu, chifu mzima, na fimbo yake. Kimila mchekeshaji ana ruhusa ya kumtania hata chifu, lakini si hapa, aliwaza Sefina, jamani, si leo. Jitu likajilaza sakafuni, likakumbatia ufagio kama fimbo, likakoroma mpaka kitambi kikatetemeka. Chifu hakupepesa hata ukope.

"Babu hakoromi hivyo." Sauti ilitoka kitandani, ikikwaruza. "Anaanza na mluzi."

"Nifundishe basi, bibie."

Losa akajaribu, midomo mikavu ikagoma. Sefina alikuwa ameshaziba uso kwa kanga, mabega yakimcheza. Ndipo chifu akaweka fimbo chini, akafumba macho, akaanza na mluzi.