Saa Kamili, Geti la Nyuma

Mpaka leo siwezi kujibu: mlinzi wetu wa geti la nyuma alikuwa akiondoka ili asikike vizuri, au alikuwa akisikika vizuri ili apate kuondoka?

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi katika ua mmoja wa nyumba mtaani Buruburu, na redio ya tatu ya mawasiliano ya walinzi hukaa mezani kwangu. Nilipomaliza chuo kikuu nilifanya kazi miaka kadhaa katika chumba cha mawasiliano, kwa hiyo nina masikio yanayokereka upesi. Mtu akisema "ova na auti" kwa pumzi moja, kana kwamba anangoja jibu na kuaga papo hapo, nauma meno. Walinzi wetu husema hivyo kila siku.

Kisha mitungi miwili ya gesi ikaibwa ndani ya wiki mbili, yote mchana, yote karibu na geti la nyuma. Kamati ikanitaka niandike barua ya kumwachisha kazi mlinzi wa pale. Niliiandika, ikabaki sahihi yangu tu.

Kila saa kamili geti kuu huita. Siku hiyo, saa tisa alasiri, mlinzi wa geti kuu, mwanamke mwenye utani, aliita:

"Geti ya nyuma, unanipata? Ova."

"Nakupata fiti. Huku shwari. Ova."

"Ai, leo unasikika kama msoma habari! Umevaa na tai?"

"Na suti, madam. Ova na auti."

Nilicheka. Lakini ng'ambo ya geti la nyuma kuna kinu cha kusaga mahindi kinachonguruma kutwa. Katika sauti yake hakukuwa na kinu.

Saa kumi ilipokaribia nilitoka na viatu vya raba, redio nimeizima. Kiti chake kilikuwa kitupu. Geti limerudishwa tu, bila kufuli. Nilimpata nyuma ya matangi ya maji, amechuchumaa, jaketi kichwani, akisema: "Huku shwari. Ova."

"Huku ni wapi?"

Aliruka. "Madam! Pale kinu kinameza maneno. Supavaiza alisema nikiambiwa nirudie maneno tena ananifuta. Nakuja hapa dakika moja, nabonyeza, nangoja kidogo, naongea, narudi."

"Kila saa?"

"Kila saa kamili. Sijawahi kukosa hata moja."

Alisema kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Yeyote aliyekuwa na masikio alijua dakika ambayo geti halina mtu. Mwizi angeweza kuijua mwenyewe. Angeweza pia kuambiwa na mlinzi mwenyewe.

Jioni nilikaa na ile barua. Ratiba ya saa kamili niliitunga mimi, kwa kuiga chumba changu cha zamani, ambako hakuna aliyekuwa na mtungi wa kuibiwa. Nilijiuliza pia, bila kupenda jibu, kama ningemnyatia mkazi mwenzangu kwa viatu vya raba.

Asubuhi niliichana barua. Nilikwenda geti kuu, nikaibandua ratiba ukutani, nikamwambia yule mwanamke kwamba geti la nyuma litaitwa wakati wowote, nami ndiye nitakayeita. Mlinzi atajibu akiwa kitini, na asiposikika nitarudia mimi. Nikarudi nyumbani, nikangoja hadi dakika isiyo na maana yoyote, nikabonyeza.

Nilisikia kinu kwanza, kisha yeye.