Mashine ya Watu pale Bilele

Celina Kokugonza ndiye aliyempokonya mama yake kibanja, na hakutumia panga wala mahakama. Alitumia sentensi tano, tena alizisema kwa sauti nzuri mpaka watu wakampigia makofi. Wanaomjua watasema namsingizia. Wangoje kwanza.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi kule Kitendaguro, miaka ile ya ujamaa ambapo kampeni moja haijaisha mnaitwa kwenye nyingine. Mwaka wa sabini na tatu alichaguliwa pamoja na wenzake sita kwenda kujifunza kuiandikia kompyuta kazi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona kompyuta. Muharami, karani wa gatini ambaye babu yake alitoka pwani, alidhani ni jamaa ya cherehani, akauliza kama inakanyagwa kwa mguu mmoja au miwili. Walicheka sana siku ile. Darasa lenyewe lilikuwa katika ukumbi mmoja wa Bilele, pale mjini, wenye mabati yaliyovuja kila mvua ya ziwani ilipopiga.

Aliyewafundisha ni Nathanael, kijana wa Buhembe aliyerudi kutoka masomoni Ulaya na miwani mizito na adabu zake zote. Aliwaambia kwamba huko alikotoka wataalamu wanajaribu kuipa mashine akili ya kuundwa, ili iamue mambo kama mtu.

"Si uchawi," alisema. "Unaipa kanuni. Kama hivi, basi vile. Itafuata. Haichoki, haili rushwa, wala haina shemeji."

Hilo la shemeji liliwaingia wote. Kila mmoja alikuwa amewahi kukosa kitu kwa sababu ya shemeji wa mtu.

Kompyuta iliahidiwa kufika kwa meli ya Mwanza. Meli zikaja na sukari, zikaja na vitenge, kompyuta haikuja. Baadaye ikasikika kwamba serikali imepiga marufuku kuagiza vitu hivyo. Nathanael hakukata tamaa. Aliwapanga wanafunzi wake kwenye meza saba akasema, "Basi mashine ni ninyi." Kila meza ilipewa swali moja. Kadi inakuja, unaisoma, unajibu ndiyo au hapana: ndiyo inakwenda kulia, hapana inakwenda kushoto kwenye meza inayofuata. Ilikatazwa kutoa maoni. Ilikatazwa kuuliza kadi ni ya nani.

"Mashine haimjui mtu," Nathanael alirudia kila asubuhi.

Celina aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kujifunza. Usisikie watu wakisema wanawake wa zamani waliogopa mashine. Alitembea njiani akivunjavunja dunia vipande: kama mvua, basi mwavuli, kama mtoto analia na ameshiba, basi tazama tumbo. Alipopata kanuni safi, isiyo na mwanya, moyo wake ulituna. Nathanael aliwaambia wenzake wamwige, nao kwa uungwana wao wakajaribu.

Ndipo ofisi ya mkoa iliyowalipia masomo ilipotaka kuona faida yake. Kulikuwa na vijiji vya Muleba vya kupanga. Mwenye kibanja, yaani shamba lake la migomba na kahawa na nyumba ndani yake, angebaki palepale. Asiye na kibanja angehamia rweya, kule kwenye nyasi tupu, kufungua kijiji kipya cha ujamaa. Mashine ya watu itenganishe hao na hao. Nathanael alisema ni zoezi tu la wanafunzi. Ofisi ikaitikia kwa kichwa.

"Sasa nani ni mwenye kibanja?" Nathanael aliuliza darasa. "Nataka kanuni."

Celina alisimama. Mambo hayo alifundishwa na mama yake mzazi, jikoni, akimenya ndizi.

"Kibanja ni cha ukoo, na mwenyewe ni mwanamume," alisema. "Akifa, ni cha mwanawe wa kiume. Kama hana wa kiume, ni cha ndugu yake."

"Na mjane je?" Muharami aliuliza. Kwao Waislamu wa mjini mjane alikuwa na fungu lake.

"Mjane hana kibanja. Ana mahali pa kukaa tu."

Wahaya wote mle ndani walitikisa vichwa kukubali, maana ndivyo isemwavyo kila matanga yanapoisha. Wakapiga makofi. Nathanael akaandika ubaoni, na Celina akaketi amefurahi.

Hasira zangu zinaanzia hapa, maana Celina hakusema uongo. Alisema nusu, na ile nusu nyingine hakuna Mhaya anayeisema. Baba yake mwenyewe, kule Muleba, alikufa mwaka wa Uhuru na kuacha mabinti tu. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa ukamtangaza mdogo wa marehemu, Ta Buberwa, kuwa mrithi. Lubisi, pombe ya ndizi, likanywewa. Kisha Ta Buberwa akaenda zake nyumbani, asikiguse kibanja hata siku moja. Kila msimu alipita kumsalimu shemeji yake, Ma Georgina. Ma Georgina alimpa mkungu wa ndizi, yeye akashukuru kwa heshima, "Kasinge, waitu," akaondoka. Hivyo tu. Mdomo ulisema kibanja ni cha Buberwa, na miguu ya Buberwa ilisema ni cha Georgina, na wajane wengi wa upande ule waliishi na kuzeeka kati ya mdomo huo na miguu hiyo. Celina alikulia humo, akala humo, akasomeshwa kwa kahawa ya humo. Alipoulizwa kanuni, akatoa ya mdomo.

Kadi zilifika. Zilikuwa na namba, hazikuwa na majina, na meza ya kibanja ilikuwa ya Celina. Mwanamke, mfiwa, hana mtoto wa kiume: kushoto. Mwanamke, mfiwa, hana mtoto wa kiume: kushoto. Alikuwa na mkono mwepesi. Mama yake alipita mikononi mwake hivyo, asubuhi moja yenye jua, wala Celina hakujua ni kadi ipi.

Alijua siku Ta Buberwa alipomjia Bilele, mzee wa watu, kofia mkononi.

"Mwanangu, wamenipa kibanja cha kaka," alisema. "Mama yako wanampeleka rweya. Nimewaambia sikitaki. Wanasema mashine imeona ni changu."

"Si ukatae, baba mdogo!"

"Nilikataa. Wakaniuliza kama napinga ujamaa." Mzee alitazama kofia yake. "Na wanangu sasa wamesikia. Zamani hawakukiwaza. Siku hizi wananiuliza mbona nagawa chao."

Celina alikimbia kwa Nathanael akilia njia nzima bila haya. Nathanael alisikiliza, akavua miwani. Alisema dawa yake ni mstari mmoja: kama mjane anakaa pale na mrithi amemwacha akae, basi kibanja kihesabiwe chake. Wakaenda pamoja ofisini. Bwana mkubwa aliyewapokea hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Mwalimu, mashine haimjui mtu," alimwambia Celina kwa upole. "Leo nikiongeza mstari kwa ajili ya mama yako, kesho kila mtu ataleta mstari wake. Lakini sitaki kuonea. Nitakwenda Muleba, nitawauliza wazee wenyewe. Wakisema kibanja ni cha mama yako, nafuta."

Celina alishukuru mpaka akapiga goti. Aliona mambo yametengenea.

Walikusanyika uani kwa Ma Georgina, karibu na kaburi la mumewe. Bwana mkubwa akauliza kwa mila kibanja hiki ni cha nani. Mzee wa kwanza akajibu ni cha Buberwa. Wa pili akajibu vilevile. Ungetaka waseme nini? Kutamka mbele ya watu kwamba mjane ndiye mwenye kibanja ni kumtukana marehemu, kwamba hakuacha ndugu. Buberwa mwenyewe alifungua kinywa, akawaona wanawe wamesimama kwenye migomba, akakifunga.

"Mama naye aulizwe," Celina alisema. "Muulizeni yeye."

Ma Georgina alikuwa amepiga magoti juu ya majani makavu, kama mwanamke anavyopiga magoti mbele ya wageni wa heshima. Bwana mkubwa akainama kidogo.

"Mama, kibanja hiki ni cha nani?"

Kila mtu pale alijua jibu la mjane mwenye adabu. Celina alimtazama mama yake akitamani walau siku hiyo moja akose adabu.

"Ni cha Buberwa, waitu," alisema Ma Georgina.

Bwana mkubwa akamgeukia Celina, akafungua mikono. Ni kweli alisikitika. Nathanael alikuwa anatazama miti.

Lori lilimchukua pamoja na vyungu vyake, kitanda na machipukizi ya migomba aliyoyang'oa mwenyewe. Rweya haina mbolea ya miaka, haina kivuli, na upepo wa kule haupumziki. Machipukizi yakasimama wiki chache, yakawa ya njano, yakalala. Akapanda tena. Kwenye kibanja, wana wa Buberwa walifyeka mibuni ya zamani, na mzee Buberwa akaacha kupita njia ile.

Celina aliacha masomo, akawa anakwenda rweya kila shule ilipofungwa. Safari moja walikuwa wanalima wawili, mama mbele, yeye nyuma, na hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Ile mashine yenu," Ma Georgina alisema bila kugeuka, "aliyeifundisha alilelewa vizuri. Ilijua mila zetu neno kwa neno."

Celina alisimamisha jembe. Alikuwa amelibeba neno hilo muda mrefu mno.

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nani mwingine angesema vile nilivyokufundisha?"

Akaendelea kulima hatua kadhaa. Kisha akanyoosha mgongo, akamgeukia mwanawe, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kuelewa.

"Lakini mwanangu, ulikuwa unatuona. Mbona hukuwaambia kwamba hatukuwa tukifanya hivyo?"

Celina aliinamia mpini wa jembe akalia. Mama alimtazama, akarudi kwenye tuta lake.