Mwezi wa Kutokuwepo kwa Mzee Emmanueli

Azimio namba nne la Mkutano Mkuu wa Jumuiya ya Maji Tumaini, uliofanyika Ganako, wilayani Karatu, mwezi Juni mwaka 2006, linatamka kwamba Jumuiya ni taasisi, kwamba taasisi haina baba wala mama, na kwamba kuanzia tarehe hiyo hakuna shughuli yake yoyote itakayomtegemea mtu mmoja. Lilipitishwa kwa kauli moja na kwa makofi, baada ya Mzee Emmanueli Tluway, meneja, kuwaambia wajumbe kwamba sasa wanaweza kupiga makofi.

Emmanueli alikuwa ameiongoza Jumuiya tangu mabomba yalipofukiwa kutoka chemchemi ya msitu wa Ngorongoro hadi vijiji vya chini. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Kupanda kukagua chanzo alipanda kwa fimbo. Kushuka alishuka kinyumenyume, kama mtu anayeaga mfalme. Mkewe, Germana, alishamwonya: "Baba Thomasi, siku moja watakushusha na machela, na mimi sitatoka kukupokea." Kwa hiyo kupumzika alitaka kweli. Na wa kumwachia kiti alikuwapo: Brigita, msaidizi wake, binti wa jirani, ambaye alimfundisha mwenyewe kila koki na kila ugomvi unaotokana na koki.

Wafadhili wakaleta mtaalamu kutoka Arusha, dada mchangamfu aitwaye Evelyn. Alieleza kwamba siku hizi kurithishana madaraka hakupangwi, kunabuniwa, kama seremala anavyobuni kiti: unamsikiliza atakayekikalia, unaunda cha majaribio, watu wanakikalia, kikivunjika unajua pa kukaza. Akagawa vikaratasi vya njano vyenye gundi, kila mtu aandike anachohofia meneja akiondoka. Ukuta ukajaa. Vingi viliandikwa "Hakuna", kwa kuwa meneja alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Kiti cha majaribio kikapatikana: Agosti nzima meneja akae nyumbani, asiguse kazi, Brigita aongoze.

"Hata simu usipokee, Mzee," Evelyn alisema.

"Kwangu mtandao haushiki mpaka nipande kichuguu."

"Basi usipande kichuguu."

Lilikuwa wazo zuri. Lilipungukiwa na jambo moja tu, ambalo kila mtu mle ndani alilijua, na ndiyo sababu hakuna aliyelitaja: upande huu mwanaume anayekutwa nyumbani asubuhi ya siku ya kazi ni mgonjwa, au amefiwa, au amefukuzwa.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani mwingine, Mama Leonida, na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Pole, Mzee. Wamekufanyaje?"

"Niko tu."

"Niko tu," Mama Leonida alirudia, akamtazama Germana kwa huruma. "Ndivyo wanavyosema wote."

Kesho yake akaja katekista, akasali sala ndefu. Ukaja unga, ikaja sukari, akaja jogoo. Miaka yote ile watu walimfuata Emmanueli kumwambia bomba linavuja. Hakuna aliyewahi kumwambia pole. Ilikuwa tamu kuliko alivyotegemea. Agosti Karatu ni baridi na ukungu, kwa hiyo blanketi lilikuwa na sababu. Ila alilivuta hadi kidevuni kila hodi ilipobishwa.

"Mgonjwa wangu, uji au chai?" Germana alimuuliza. "Waambie ukweli hawa watu."

"Nimeambiwa nisiguse kazi."

"Kusema huumwi nayo ni kazi?"

Wiki ya tatu tembo walikanyaga bomba kuu. Brigita aliwaagiza mafundi wafunge koki ya juu, kisha wapande. Wakaitikia vizuri, wakapanda, ila si msituni. Mkubwa wao, Leodegar, akavua kofia mlangoni kwa Emmanueli.

"Yule mama ametutuma. Tukasema hatuondoki bila neno lako, hata kama ndio wamekutoa."

Hapo Emmanueli alijua kabisa maneno yaliyotakiwa. Yalikuwa mafupi: nendeni mkamsikilize Brigita. Aliyasikia yakipanda kooni, akaona wanaume wazima wamesimama na kofia mikononi, yakashuka tena.

"Fungeni koki ya juu," alisema, "kisha mpande."

"Umeona sasa," Leodegar akawaambia wenzake.

Jioni Brigita alikuja. Katika wageni wote wa mwezi ule ni yeye peke yake aliyekuja mikono mitupu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. "Mnadani wanasema nimekuendea kwa mganga ili nipate kiti."

"Maneno ya watu hayo."

"Uliwaambia unaumwa?"

"Sikuwaambia."

"Uliwaambia huumwi?"

Germana akaacha kupepeta mbaazi. Emmanueli aliliangalia goti lake, kana kwamba lingejibu lenyewe.

"Goti linauma kweli," alisema.

"Najua, Mzee. Ndiyo maana nilikubali."

Usiseme kwamba hakujaribu kurekebisha. Jumapili, baada ya matangazo, aliomba nafasi, akasimama mbele ya kanisa akasema yeye ni mzima, hajawahi kuugua, hakuna aliyemtoa, na mambo ya maji wamfuate Brigita. Kanisa lilipiga makofi. Katekista akamshukuru Mungu kwa kumponya mtumishi wake na kumpa moyo wa kuwasamehe adui zake. Brigita, benchi la nne, alikuwa akikitazama kitabu chake cha misale, kikiwa kimefungwa.

Septemba Brigita alipata kazi ya stoo katika hoteli moja ukingoni mwa kreta, akaondoka bila kuaga ofisini. Evelyn alirudi, akasikiliza yote, akaandika kwamba jaribio limefaulu sana, maana kiti kimevunjika mapema. Bodi ikakubaliana naye, ikamwomba Emmanueli aendelee kwa muda, hadi apatikane mtu.

Mkataba wake mpya ulitayarishwa Oktoba. Katiba ya Jumuiya inataka mikataba yote ya wafanyakazi isainiwe na meneja, hivyo alisaini sehemu ya mwajiri, akasogeza karatasi juu kidogo, akasaini na ya mwajiriwa.