Shemeji Alivyopasha Moto Kompyuta

Mume wa dada yangu aliendesha malori kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Kikatiti. Asubuhi moja alinipigia simu kwa sauti ya chini, akaniomba nifike kabla dada hajarudi kutoka sokoni Tengeru. Kompyuta ilikuwa imegoma, na Jumamosi ilikuwa sendofu ya binti yao, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Picha zake zilipaswa kuonyeshwa ukutani.

"Imezidiwa mzigo, shemeji," alisema nilipofika. "Futa video za kwaya."

Zilikuwa za kwaya ya dada. Katika mojawapo marehemu mama yetu anaimba ubeti mzima peke yake, na nakala nyingine haipo. Nilivuta kiti.

Kompyuta sikuzisomea darasani. Nilijifunza kwa kufungua zilizokufa. Kwa hiyo sifuti kitu kabla ya kupima. Zaidi ya nusu ya diski ilikuwa tupu. Diski ni stoo. Magunia yakiwa mengi humo, mpishi hapunguzi kasi. Memori ndiyo meza ya jikoni, na ya shemeji ilikuwa ndogo, imejaa hadi ukingoni, mpishi akikimbilia stoo kufuata kila kijiko. Programu kumi na moja zilikuwa wazi. Nikauliza za nini.

"Nazipasha moto tangu alfajiri. Kwa baridi hii ya Meru, gari huliondoi hivi hivi."

Nilikaza uso. Nilifunga zote, nikazima mashine, nikachomeka kipande cha pili cha memori nilichokitoa kwenye kompyuta yangu mbovu. Ilipowaka, picha zilipita bila kukwama. Video sikuzigusa.

"Unaona? Nilikwambia ni mzigo."

Nikamjibu kwamba kweli, sasa ni nyepesi. Uongo haukuwamo.

Dada akaingia na kapu la ndizi. Kabla hajalitua akasema wazo limemjia njiani: Jumamosi sauti ya mama isikike kwanza, ndipo picha zifuate. Shemeji, aliyedhani nimeshazifuta video, akaniangalia. Nikaangalia dari. Akaanza kueleza jinsi umeme unavyokatika, akahamia kwenye virusi, na kadiri alivyoeleza ndivyo dada alivyozidi kumkazia macho. Ningeweza kumwokoa mapema. Nilimwacha hadi alipotaja panya.

Ndipo nikaifungua video, na mama akaimba. Dada alisikiliza ubeti hadi mwisho, akajifuta macho, akamgeukia mumewe.

"Mzee, ulitaka kumfuta mama?"

Alivuta kapu, akatafuta kisu, akamenya ndizi zote, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiigusa.

Jumamosi mama aliimba kwanza, ndipo picha zikafuata. Kompyuta aliiendesha shemeji mwenyewe, programu moja tu ikiwa wazi. Ila nilimwona mapema, wageni wakiwa bado wanaingia: aliifungua hiyo programu, akakunja mikono, akaipa dakika tano ipate moto.