Sikuweka Sahihi

Ofisi ilinipa sentensi moja: "Mfumo utawapa watu kipaumbele katika matumizi ya maji." Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwa hisabati kwamba programu ya kuendesha kisima cha kijiji cha Nuu inaitii sentensi hiyo, bila kubahatisha. Nikakaa nayo siku mbili. Kipaumbele ni nini? Kompyuta haijui, na mimi pia sikujua.

Nikaenda Nuu kumwuliza mama mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilimkuta akifagia mbele ya kioski cha kuuzia maji.

"Tangi likifika nusu, hori la ng'ombe lifungwe," alisema. "Maji yaliyobaki ni ya watu."

"Na kile kipimo cha tangi kikiharibika?"

Aliacha kufagia. "Kama hujui kuna maji kiasi gani, utawafungulia ng'ombe vipi? Funga!"

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwa alama za hisabati, neno kwa neno. Kisha nikaiachia programu ya uhakiki ikague kazi yetu. Ikakataa. Ikanionyesha na sababu: waya wa kipimo ukikatika, mtambo wetu hushikilia namba ya mwisho uliyosoma. Hata tangi likikauka, mtambo utaamini limejaa, na hori litabaki wazi.

Bosi wangu akacheka. "Tumeijaribu mwezi mzima. Hakuna kitu kama hicho kimetokea. Weka sahihi."

"Kutotokea si sawa na kutowezekana."

"Wewe tulikuajiri uandike programu ama ubishane?"

"Yote mawili," nikasema. Nikamrudishia karatasi bila sahihi.

Siku ya kukabidhi mradi hakunialika. Nilijipeleka. Nikasimama mbele ya kamati, nikawaeleza kwa Kikamba kitakachofuata waya ukikatika. Bosi aliniita kando, sikwenda.

Mama mwenyekiti akafunga daftari lake. "Basi hatupokei," alisema.

Marekebisho yalikuwa mistari minne tu ya programu. Uhakiki ulipopita, niliweka sahihi bila kuombwa.

Mkataba wangu haukuongezwa. Niliambiwa sijui kufanya kazi na wenzangu. Nililia siku moja, siwezi kusema uongo. Leo nina chumba changu cha kazi huko Mukuyuni, juu ya duka la mbegu, na wateja wachache. Mtu akiniletea maelezo yenye maneno kama "ipasavyo" na "inavyofaa", namrudishia karatasi yake aandike anachotaka hasa. Wengine hukasirika na kuondoka. Waende.