Mnara Alioujenga Baba Kule Makambako

Baba yangu ni fundi mwashi. Kwa zaidi ya miaka arobaini amejenga nyumba, madarasa, visima na makaburi katika vijiji vya Njombe, lakini zamani ukimuuliza ni kazi gani anayoipenda kuliko zote, hakutaja nyumba hata moja. Alitaja mnara wa Makambako.

Si mnara mkubwa. Ni nguzo ya mawe na saruji yenye pande nne, imekaa juu ya ngazi tatu kwenye kibustani pembeni mwa barabara. Chini ni nene, inapungua kadiri inavyopanda, na juu kabisa imechongoka. Uliwekwa kuwakumbuka wananchi waliojitolea kuchimba mtaro wa bomba la maji. Mhandisi alimpa baba karatasi moja iliyochorwa kwa penseli, akamwambia afuate vipimo. Kitu pekee alichoongeza baba kwa akili yake mwenyewe ni duara upande wa barabarani, na ndani ya duara tone la maji. Nilikuwa likizo, tumefikia kwa shangazi, nikamwona akilichonga hilo tone kwa siku mbili nzima. Alikuwa anachonga, anarudi nyuma hatua tano, anatazama, anarudi tena. Baadaye kila tulipopita Makambako aligeuza shingo gari lilipofika pale.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa. Mama alitangulia zamani, hata kabla ya mnara kujengwa. Mimi nafundisha historia sekondari hapa Njombe na ninaishi na baba. Kaka anauza mbao Makambako. Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, aliyependa kuniita shangazi mwalimu na kunisahihisha nikikosea jina la mdoli wake.

Mwaka juzi, katika ile baridi ya Julai ambapo ukungu hautoki mpaka saa nne, yule mtoto alishikwa na homa Jumatatu. Jumatano alikuwa hatambui mtu. Ijumaa tulimzika. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba wakati mwingine inakwenda haraka hivyo hata mkiwahi. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Lakini kwa nini yeye?" Hilo halikuwa swali la kidaktari, na sote tuliokuwa mle ndani tulijua.

Kwa miezi kadhaa kaka hakuongea na mtu. Wifi yangu alinipigia simu akisema anashinda amekaa juu ya magogo na simu mkononi, wateja wanakuja wanaondoka. Nilidhani anatazama picha za mwanawe. Nilikosea. Alikuwa anatazama video.

Alikuja Njombe Jumapili moja baada ya ibada. Baba alikuwa ndiyo kwanza anavua koti lake la kanisani. Ni mzee wa kanisa, na koti lile halikai mwilini zaidi ya dakika tano kabla ya kutundikwa. Kaka aliamkia, akakataa chai, akakaa karibu yake na kumwekea simu usoni.

"Baba, tazama hii."

Sauti ya mwanamume asiyeonekana ilikuwa inasimulia juu ya nguzo zilizochongoka katika miji mikubwa ya dunia. Ilisema zote zina asili ya Misri ya kale, kwamba zilisimamishwa kwa ajili ya mungu jua, na kwamba wapo watu wa siri wanaozipandikiza kila nchi mpaka leo. Ilitaja jina la watu hao, lile ambalo kila mtu nchini analitaja akiona mtu katajirika ghafla. Baba aliinua mkono.

"Neno hilo lisitajwe ndani ya nyumba hii."

"Sawa, silitaji. Nakuuliza tu. Mnara wa Makambako, nani alikwambia uuchongoe juu?"

"Mchoro. Na hata bila mchoro ningeuchongoa. Ukiacha bapa, maji yanatuama, baridi ikija plasta inapasuka."

"Na ngazi tatu?"

"Mchoro ulikuwa na tatu."

"Na jicho?"

"Jicho gani?"

Kaka akafungua picha. Alikuwa ameupiga picha mnara asubuhi ile ile. Akalikuza lile duara, akaigeuza simu ubavu. Nami nilisogea nikatazama, na sitadanganya hapa: tone la maji ndani ya duara, likilazwa ubavu, linafanana na jicho.

"Hilo ni tone," baba alisema, ila safari hii polepole.

"Baba, sisemi ulijua. Nasema walikutumia. Anayesimamisha nguzo ile anafunga agano, na agano linalipwa na damu ya nyumba yake. Mzaliwa wa kwanza wa mzaliwa wako wa kwanza. Nani mwingine amekufa katika nyumba hii tangu uujenge?"

Mimi nilipandisha sauti. Nilimwambia kaka kwamba mtoto aliugua, kwamba daktari alitueleza mbele yetu sote, kwamba anamtesa mzee. Kaka hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Mlifundishwa msione."

Aliondoka bila kula. Baba alikaa kwenye kiti kile kile mpaka jioni, viganja vimelala magotini.

Siku ya tatu aliniita jikoni. Alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa, Biblia imefunguliwa kwenye Kutoka. "Misri mimi naijua ya humu tu," alisema. "Wewe umesoma. Niambie kweli. Nguzo kama ile ilitoka Misri?"

Hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Ningeweza kusema hapana. Lakini ndiyo kazi yangu, na baba ndiye aliyenifundisha kutosema uongo, kwa hiyo nilileta kitabu changu cha kufundishia nikamwonyesha picha. Nilimweleza kwamba Wamisri walichonga nguzo za namna ile kutoka jiwe moja, kwamba Warumi walizichukua wakazipeleka kwao, kwamba baadaye Wazungu walizipenda wakaanza kuiga, wakaziweka viwanjani na makaburini, na walipokuja kutawala huku wakaja na mazoea yao. Mhandisi wetu naye aliliona umbo hilo mahali akalichora. Nilitaka kumwonyesha kwamba umbo linasafiri kama vile mtindo wa suruali unavyosafiri, na halibebi chochote ndani yake.

Alitazama ile picha muda mrefu. Akapitisha ukucha wake kwenye ncha ya nguzo.

"Kwa hiyo ilitoka Misri."

"Umbo lilitoka Misri, baba, lakini..."

"Na walimjengea mungu wao."

"Wao, ndiyo. Lakini ninyi mliwajengea watu waliochimba mtaro."

Akafunga kitabu akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia ofisa karatasi zake. Lile "lakini" langu halikuwahi kumfikia.

Nilikwenda kwa mchungaji. Alikuja nyumbani, mtu mwema na mwenye subira, akakaa na baba karibu saa mbili. Alimwambia kwamba Mungu hamdai mjukuu mtu aliyechonga jiwe kwa nia njema, kwamba mawe ni mawe. Baba alimshukuru. Jumapili iliyofuata chakula cha Bwana kilipotolewa alibaki amekaa kwenye benchi. Watu waligeuka kumtazama. Baada ya mwezi aliomba apumzishwe uzee wa kanisa, kwa sababu ya magoti, alivyosema. Maneno nayo yakaanza kutembea. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya aliniuliza, kwa sauti ya chini na kwa huruma kabisa, kama ni kweli mzee aliwahi kuwafanyia kazi wale watu. Nikacheka. Sikujua la kufanya zaidi ya kucheka, na niliona usoni mwake kwamba kicheko changu kimemthibitishia jambo.

Nilimpigia kaka simu mara nyingi. Nilimbembeleza, nilimtisha, siku moja nililia. Kila mara alinisikiliza kwa utulivu, kisha akanitumia video nyingine.

Halafu siku moja, kipindi cha pili, niko darasani, simu ikatetemeka kwenye meza. Namba ngeni. Askari wa Makambako aliniuliza kama nina mzazi anayeitwa fulani, akataja jina la baba.

"Yuko salama," alisema. "Lakini njoo umchukue."

Nilimkuta kituoni amekaa kwenye benchi, amevaa koti la kanisani, nywele na nyusi zimejaa vumbi la saruji. Kiganja cha kushoto kilikuwa kinatoka damu. Mezani kwa askari kulikuwa na nyundo yake na tindo yake, ile yenye mpini aliouzungushia mpira mwenyewe. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri akiniambia anakwenda kuangalia miparachichi. Alipanda basi, akashuka pale kwenye kibustani, akaanza kuubomoa mnara mbele ya watu.

"Mama, hii ni mali ya umma," askari aliniambia, akionekana kuona haya kuliko sisi. "Nimemuuliza kwa nini, anasema ni kazi yake mwenyewe. Nimwandikie nini mzee kama huyu?"

Niliketi karibu na baba. Nilimshika mkono. Hakunitazama.

"Haivunjiki," alisema. "Nimepiga karibu saa nzima. Nilichanganya vizuri mno."

Alichofanikiwa kutoa ni lile tone tu. Mahali pake pamebaki shimo.

Kaka alifika na pikipiki, maana na yeye alipigiwa simu. Aliingia, akaona damu, akapiga magoti palepale sakafuni mbele ya watu wote. Akavua skafu yake, akaufunga mkono wa baba taratibu, kitambaa juu ya kitambaa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwa nimemwona akilia tangu makaburini. Mimi nilisimama pembeni, nikajiambia kwamba basi, yameisha. Ameona amemfikisha wapi mzazi wake, sasa atarudi.

Askari alituruhusu kwa onyo la mdomo. Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi Njombe, kaka amemshika baba bega, nilimsikia akimwambia kwa upole mkubwa, "Umeona sasa mwenyewe, baba. Haivunjiki. Kitu cha kawaida kingevunjika."

Baba akaitikia kwa kichwa.

Mashamba ya viazi yalipita, kisha misitu ya misindano, kisha tena viazi. Nilikuwa na maneno mengi, na nilijua kwa kila neno jibu lake, kwa sababu kila kitu nilichoweza kusema kilikuwa tayari kimejibiwa na ile sauti ya mtu asiyeonekana. Nikisema ni saruji nzuri, ni ushahidi. Nikisema hakuna ushahidi, basi umefichwa.

Miezi ilipita. Mkono ulipona ila kidole cha shahada hakikunji vizuri. Jioni moja tulipokuwa tunamenya viazi nilimuuliza baba waziwazi. Nilimuuliza kama kweli anaamini kwamba alimuua mjukuu wake kwa mawe na saruji.

Alimaliza kumenya kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye maji.

"Siku ile ya mazishi," alisema, "nilimwona kaka yako akitazama huku na huku, akitafuta wa kumshika. Daktari alikuwa hana kosa. Mama wa mtoto hana kosa. Mungu hawezi kumshika. Sasa amenishika mimi. Nikijitoa, atamshika nani?"

"Kwa hiyo huamini?"

"Sikusema siamini."

Nilimtazama nikijaribu kusoma uso wake. Sikuweza. Aliokota kiazi kingine, na nikajua kwamba hataniambia zaidi, huenda kwa sababu hata yeye hajui.

Siku hizi kaka anakuja kila Jumamosi. Ile miaka yote ya nyuma alikuwa anakuja Krismasi na Pasaka tu. Anamletea baba mkate na majani ya chai ya Lupembe, wanakaa barazani wamejifunika blanketi moja, vichwa vimekaribiana juu ya simu. Kaka anaeleza, baba anauliza. Naona kwamba kaka amenenepa kidogo, na wifi anasema ameanza tena kulala usingizi. Baba ndiye anayekonda.

Juzi Jumamosi niliwapelekea chai. Ile sauti ilikuwa inasimulia juu ya lango la mji fulani wa Ulaya, ikihesabu mawe yake moja moja. Nilisimama na sinia. Nilifikiria kuizima. Nilifikiria kuirusha simu ile kwenye shimo la taka. Kaka akainua macho, akasogea akanipa nafasi kwenye benchi, na baba akanifunika magoti kwa pindo la blanketi bila kuondoa macho kwenye kioo.

Kulikuwa na baridi. Nikakaa.